Dalali hakuniletea mnunuzi, sasa ataka laki tatu na robo

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi na mume wangu twauza nyumba yetu ya Mikindani, ya vyumba vitatu vya kulala, ambayo tumeishi miaka mingi. Hati iko kwa majina yetu sote wawili. Mume wangu amestaafu, nasi tumeamua kurudi kwao Msambweni, na pesa zitakazobaki zimalize karo ya mtoto wetu wa mwisho.

Kabla ya Ramadhani nilimwambia dalali mmoja ambaye hukaa karibu na steji na kibao chake cha “Ploti na nyumba zauzwa”. Maneno yangu yalikuwa haya: “Ukinipatia mteja, nitakupa haki yako.” Asilimia hatukutaja, wala hatukuandikiana chochote. Alileta watu watatu kwa nyakati tofauti, na kila mmoja alimtoza elfu moja ya kuonyeshwa nyumba. Waliokaribia ni bwana mmoja na mkewe kutoka Changamwe. Walitoa milioni tano na laki nane, sisi tukasimama kwenye sita na nusu, wakaenda zao. Tangu hapo dalali hakurudi wala hakupiga simu.

Baada ya Idi ya kuchinja, mwalimu mwenzangu akanambia ana jamaa yake atafuta nyumba upande wetu. Akaja, akaipenda, tukakubaliana sita na nusu. Tumetia sahihi kwa wakili na amelipa asilimia 10, yaani laki sita na nusu. Baki atalipa nyumba ikihamishwa.

Sasa imejulikana kwamba mke wa yule bwana wa Changamwe ni dadake mnunuzi wetu. Dalali amezipata habari hizo na amekuja juu. Asema huyo ni mteja wake tumemzunguka, na ataka asilimia 5, ambazo ni 325,000. Amempigia mnunuzi pia akimdai asilimia 5 zake, eti ndiyo kawaida ya Mombasa. Asema nisipolipa atakwenda ofisi ya ardhi kuweka zuio kwenye hati. Juzi alikuja langoni magharibi na vijana wawili.

Mnunuzi ameingia hofu. Asema, “Dalali ni wenu, malizaneni naye, la sivyo nitakata kwenye baki.” Mume wangu asema hatoi hata senti. Mamangu asema nisile jasho la mtu. Nani anadaiwa hapa?

Mama Mwalimu, Mikindani

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nitaanza na hao vijana wawili, kwa sababu hilo halingoji.

Mtu anayedai haki yake huenda kwa wakili, kwa mzee wa mtaa au mahakamani. Haendi langoni kwa watu magharibi na vijana nyuma yake. Kabla ya jambo jingine lolote, nendeni wewe na mumeo kituo cha polisi mkaandikishe, mpewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Hata kama hakuguswa mtu, iandikwe siku, saa na maneno yaliyosemwa. Ujumbe wake wowote kwenye simu usiufute. Nawe usimjibu kwa hasira, na zaidi ya hayo usimwandikie “ngoja tumalize nitakulipa” ili tu akuondokee. Ujumbe wa namna hiyo kesho utasomwa kama umekiri deni.

Sasa tuingie kwenye deni lenyewe.

Hapa kwetu wengi huamini kwamba udalali hufuata nyumba: ikiuzwa, kila aliyewahi kupita langoni na mteja ana fungu lake. Na madalali wenyewe wameieneza hiyo “kawaida” ya asilimia tano huku na tano kule mpaka watu wakadhani ni sheria. Mimi siikubali, na sheria haiijui. Ujira wa dalali unatokana na ahadi. Anayedaiwa ni aliyeahidi, kwa kazi aliyoiahidia, na kazi hiyo iwe ndiyo iliyozaa mauzo. Pakikosekana moja kati ya hayo, hakuna deni.

Ahadi ipo, nisikufiche. Mumeo anaposema hakuna karatasi kwa hivyo hakuna kitu, amekosea. Mkataba wa kuuza ardhi ndio ambao ni lazima uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Makubaliano ya kumlipa mtu kwa kukutafutia mteja hayauzi ardhi, kwa hivyo yanaweza kufungwa kwa mdomo. Hata kutotaja asilimia hakuyavunji. Mahakama inaweza kukadiria ujira wa haki kwa kazi iliyofanyika. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mwenye fleti za Hackney, London, aliyezungumza na dalali kwa simu tu. Hawakuelewana wazi ni lini hasa ujira ungekuwa umefika. Mahakama ilisema mkataba ulikuwepo, na ujira ulifika pale mnunuzi aliyeletwa na dalali huyo alipokamilisha ununuzi. Maamuzi ya huko hayawafungi mahakimu wetu, lakini mawakili wetu huyatumia sana, kwa kuwa sheria yetu ya mikataba ina mizizi huko.

Shika hayo maneno, “mnunuzi aliyeletwa na dalali huyo”. Wewe hukusema “nitakupa haki yako nyumba ikiuzwa.” Ulisema “ukinipatia mteja.” Wala hukumwambia kwamba yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuiuza, kwa hivyo ulibaki huru kuiuza mwenyewe, au kupitia dalali mwingine, au kupitia mwalimu mwenzako. Kuonyesha nyumba peke yake hakuzai ujira. Tangu mwaka 1941, katika kesi moja ya majumba ya sinema ya Eastbourne iliyofika Baraza la Malordi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho huko, imekubaliwa kwamba dalali wa namna hii hufanya kazi akijua anabahatisha. Biashara ikitimia kwa mkono wake hupata ujira mzuri kuliko saa alizotumia, na isipotimia hapati kitu.

Basi swali zima ni hili: je, alikupatia mteja huyu? Na hapa, mwanangu, nakuomba uwe mkweli kuliko mumeo na kuliko dalali, kwa sababu undugu wa mnunuzi na yule mama wa Changamwe si jambo la kupuuzwa, na pia peke yake halithibitishi kitu.

Mwulize mwalimu mwenzako kwa utaratibu: alijuaje kwamba mnauza? Kama alisikia kwako, pengine mkizungumza ofisini mwa walimu, naye akamkumbuka jamaa yake, basi njia ya mauzo imetoka kwako, ikapita kwake, ikafika kwa mnunuzi. Dalali hayumo humo. Kwamba dadake mnunuzi aliwahi kuiona nyumba hiyo ni sadfa, na katika mji huu ambao nusu ya watu ni jamaa ya nusu nyingine, sadfa za aina hiyo ni nyingi.

Lakini ikiwa mambo yalianza upande wa pili, hesabu inabadilika. Tuseme dada alirudi nyumbani akamwambia nduguye, “Kuna nyumba Mikindani, sisi imetushinda bei, lakini wewe utaiweza.” Ndugu akauliza nani awajuaye wenyewe, akamkumbuka mwalimu, mwalimu akakufuata wewe. Hapo dalali anaweza kusimama akasema kwamba mbegu aliipanda yeye. Anaweza kushindwa bado, maana miezi ilipita, aliwaacha mkono, bei iliyofungwa si ile ya watu wake, na mazungumzo yote mliyafanya wenyewe. Hakimu atapima kama kazi yake ndiyo iliyozaa mauzo au ilikuwa habari tu iliyopita masikioni mwa watu. Hata hivyo hiyo ni hoja ya kusikilizwa. Na kama dada alikuja kuitazama kwa niaba ya nduguye tangu mwanzo, basi dalali alikuletea mnunuzi wako hasa, na nisingeona haya kukwambia umlipe.

Kwa hivyo mwulize na mnunuzi, mbele ya mawakili ikiwezekana, na majibu yaandikwe. Mwambie kwamba jibu la kweli linamlinda yeye vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likaimaliza kesi hii mapema. Kenya ina sheria ya madalali wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984. Inasema mtu asifanye kazi hiyo bila kuandikishwa na bodi ya usajili wa madalali, na kazi yenyewe imeelezwa wazi: kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, au kusimama kati yao kujadili masharti ya mauzo. Huyu wa steji alikuwa akifanya hayo hayo. Mwombe nambari yake ya usajili, kisha wakili wako aihakikishe kwa bodi. Kama hana, mahakama haimsaidii mtu kudai ujira wa kazi ambayo sheria inamkataza kuifanya. Kama anayo, kwa deni la 325,000 anaweza kukupeleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi milioni moja. Mwache aende. Huko ataeleza alimleta nani, lini, na 5% alizitoa wapi, ilhali yeye nawe hamkutaja asilimia.

Kisha hili la kudai pande mbili. Dalali wako amewatoza wageni wako elfu moja kila mmoja, na sasa amtaka mnunuzi naye asilimia 5. Mtu aliyechukua kazi kwako anapaswa kusimama upande wako. Akipokea cha upande wa pili bila wewe kujua na kukubali, amekuvunjia uaminifu, na hiyo yenyewe inaweza kumpotezea ujira. Nimeona nyumba zikiuzwa chini ya thamani yake kwa sababu dalali alikuwa na haraka ya kupokea kushoto na kulia, na mwenye nyumba wala hakujua. Jambo hili laniuma, kwa sababu mara nyingi wanaoumia ni wajane na wazee wanaouza nyumba mara moja tu katika umri wao.

Mnunuzi wako, kwa hivyo, hana deni kwa dalali. Hakumtuma, hakumwahidi, na ile elfu moja ya dadake haimfungi. Hata kama dada alitia sahihi kwenye karatasi fulani ya dalali, imemfunga yeye dada. Lakini mnunuzi naye hana ruhusa ya kukata kwenye baki. Bei iko kwenye mkataba, ni milioni sita na nusu, na haipungui kwa sababu ya mtu wa tatu ambaye hayumo kwenye mkataba huo. Wakili wako amwandikie wakili wake neno hilo kwa upole. Asifikiri kwamba kila gharama inayozunguka nyumba ni ya kugawana. Ushuru wa stempu ni wake mnunuzi, asilimia 4 mjini. Kodi ya faida ya kuuza mali ni ya muuzaji, nayo ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Ninyi mumwulize wakili kuhusu msamaha wa kodi hiyo, kwa sababu nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo kwa angalau miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza huwa imesamehewa. Hilo laweza kuwaokolea pesa nyingi kuliko huu ugomvi wa dalali.

Nadhani kuchanganyikiwa kwetu kunatokana pia na zile nyumba bila ardhi za Majengo na Kisauni. Huko, nyumba ikiuzwa, mwenye ardhi hutakiwa atoe idhini, naye huwa na chake, na dalali yuko hapo hapo na chake, mpaka watu wakaona kila anayesimama karibu na mauzo ana haki. Mwenye ardhi ana msingi wake, ardhi ni yake. Nyumba yenu ina hati, na msingi wa dalali ni ile ahadi yako tu.

Kuhusu zuio, usikose usingizi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 71, inamruhusu kuweka zuio mtu anayedai maslahi fulani katika ardhi yenyewe, maslahi yanayoweza kusajiliwa, kwa mfano aliyeinunua. Anayedai kulipwa pesa za kazi ana madai ya pesa. Hana kipande cha ardhi yako. Akiliweka bila sababu ya maana, msajili au mahakama inaweza kuliondoa, na aliyeliweka anaweza kuamriwa kulipa hasara aliyosababisha. Lakini tahadhari ni bora. Zuio hata likiwa la bure huchelewesha uhamisho, na mkataba wenu una muda wake. Mwambie wakili afanye upekuzi wa hati upya wiki hii katika ofisi ya ardhi hapo jengo la Uhuru na Kazi, na tena siku chache kabla ya kupeleka hati za uhamisho.

Mamako sasa. Simpuuzi hata kidogo. Wanazuoni wetu wamekubali tangu zamani ujira wa dalali kuwa ni halali, na pia wakasisitiza kwamba ujira ujulikane kabla ya kazi, na kukosa hilo ndiyo sababu ya mashaka yako yote haya. Ningekuwa mimi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mwalimu alisikia kwako, nisingelipa udalali. Ila moyo ukinisuta kwa zile safari zake tatu, ningempa shukrani, labda elfu ishirini au thelathini, nikiiita kwa jina lake, shukrani. Ingepita kwa wakili, naye angetia sahihi kwamba hana dai lingine lolote juu yenu, nyumba wala mnunuzi. Bila sahihi hiyo usitoe, kwa sababu pesa kidogo isiyo na karatasi huonekana kama malipo ya kwanza.

Na uchunguzi ukionyesha kwamba dada alikuja kuitazama nyumba kwa niaba ya nduguye, na dalali ana usajili wake, basi kaa naye mezani. Asilimia 5 hamkuzikubaliana. Mawakili wazungumze ujira wa wastani kwa kazi aliyoifanya kweli, ambayo ilikuwa kuonyesha nyumba tu. Kujadili bei, kutafuta wakili na kufuatilia hati mlifanya wenyewe. Akiwa hana usajili, hilo litabaki kati yako na dhamiri yako, na sitajifanya najua uzito wake kwako kuliko unavyoujua wewe.

Kwa leo, baada ya kutoka polisi, mwandikie ujumbe mmoja tu, kisha unyamaze. Uwe hivi: “Nimepata madai yako. Sikubali kwamba nadaiwa. Naomba nambari yako ya usajili, jina la mteja unayesema ulimleta, na siku uliyomleta. Majibu yapelekwe kwa wakili wangu. Tafadhali usije tena nyumbani kwangu wala usimpigie mnunuzi.” Nakala ya ujumbe huo na nambari ya OB umpe wakili, naye amwandikie wakili wa mnunuzi kwamba dai lolote la udalali kutoka kwa mtu mliyemtuma ninyi mtalishughulikia ninyi, na kwamba halihusiani na baki. Barua hiyo ndiyo itakayomtoa hofu mnunuzi wako, kwa hivyo isichelewe kupita wiki hii.